Wazee, mediesheni ama korti? Wapi upeleke ugomvi uliokaa miaka

Kuna ugomvi wa kuisha jioni, na kuna ule ambao ukiuliza ulianza lini kila mtu anakutajia mwaka wake. Huu wa pili ndio tuongelee leo. Ule wa ploti ya marehemu mzee, wa nyumba kubwa na nyumba ndogo, wa landilodi na wapangaji waliochukiana tangu enzi za baba zao. Mtu wa Nairobi akifika hapo huwa na njia tatu: kuita wazee (weka hapo chifu, mzee wa nyumba kumi, padre, imamu), kwenda kwa mpatanishi, yaani mediesheni, ama kupeleka kesi kortini.

Watu huuliza sana ni gani ya haraka na ni gani ya bei rahisi. Mi naona hilo lije la pili. La kwanza ni ni wapi kati ya hizi tatu ambapo yule mnayegombana naye ataweza kusema yake mpaka amalize na wewe ukae uyasikie. Juu ugomvi wa zamani hauishi kwa kujua nani ana makosa, hapo kila mtu ashaamua kitambo, unaanza kupungua makali siku upande mmoja unajua upande ule mwingine unaogopa nini. Na hizi njia tatu hazifanani kabisa kwa hilo.

Familia ya mfano

Nitumie familia ya kubuni, ingawa ukiishi huku utadhani namsema jirani yako. Mzee alipata ploti Dandora miaka ya sabini, wakati wa ule mradi wa Benki ya Dunia na halmashauri ya jiji, ploti kama 6,000 hivi, unapewa kiwanja na choo na maji halafu unaambiwa haya, jijengee. Mzee akajenga rumu moja moja hadi zikafika nane. Mama akatangulia, mzee akafuata. Kaka mkubwa amebaki pale pale miaka yote na yeye ndiye anakusanya kodi. Dada ameolewa Kitengela. Siku moja dada anasikia kwa binamu kwamba kaka ameshaenda kwa chifu kuchukua ile barua ya kuanzisha mambo ya urithi, watoto wa marehemu wameorodheshwa, jina lake halipo.

Ukimuuliza dada atakwambia kaka amekula kodi miaka hiyo yote peke yake, na sasa anataka kumeza na ploti. Mwache aongee zaidi, usimkatize, utasikia kumbe kodi si ndiyo inayomnyima usingizi. Kilichomchoma ni ile barua. Yeye ndiye alikuwa anampeleka mama Kenyatta kliniki, yeye ndiye aliyemwosha, halafu karatasi ya serikali inasoma kama vile hakuzaliwa.

Ukimuuliza kaka, anakutolea daftari la Kasuku limeshika mafuta, ameandika kila kitu: mabati ya rumu nne yaliyobadilishwa baada ya mvua ya El Niño ya 1997, kuzibua choo, faini ya stima, mpangaji aliyehama usiku na deni la miezi mitatu. Kwake yeye hiyo kodi ilikuwa inarudi kwa ploti. Na ukikaa naye vizuri, chai ya pili, atasema kile hajawahi kumwambia dadake usoni, kwamba hana shida na dada, shida ni shemeji. Anaamini jina la dada likiingia, shemeji atataka fungu liuzwe, na yeye na watoto wake hawana kwingine pa kwenda.

Sasa unaona. Dada anapigania jina, kaka anapigania paa, lakini wakikutana kwa mazishi wanapigania kodi.

Kabla hujachagua njia yoyote jaribu hiki kitu, hakina gharama. Chukua karatasi uandike kesi ya mwenzako vile yeye mwenyewe angeiandika, bila kejeli, mpaka akisoma aseme "ndiyo, hayo ndiyo maneno yangu." Haumaanishi umekubali. Ukiweza kuijaza nusu ukurasa uko mahali pazuri, nyinyi mnaweza kukaa mezani. Ukishindwa kupita mstari wa kwanza ("ni mwizi tu") basi jua utahitaji mtu wa tatu, na kazi inayobaki ni kuchagua huyo mtu wa tatu ni nani.

Wazee na chifu

Uzuri wa wazee ni kwamba hawahitaji kuelezwa historia. Mzee aliyekuwepo siku ploti inagawanywa anajua nani alibeba mawe, nani alitoa pesa ya simiti, na mara nyingi anajua hata ahadi ambazo marehemu alitoa kwa mdomo bila kuandika. Hicho ni kitu hakimu hawezi kupata hata ukimpa mwaka mzima. Kikao chenyewe pia kina nafasi ya kuzunguka, mtu anaanza na mambo ya 1984 na hakuna wa kumwambia hiyo haihusiani na swali. Kwa ugomvi wenye mizizi hiyo kuzunguka ndiyo dawa yenyewe, juu mzizi uko 1984.

Na msifikiri ni mambo ya kizamani ambayo sheria haiyatambui. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inawaambia majaji wazi wahimize upatanishi na njia za kijadi, mradi zisivunje haki za kimsingi wala kukiuka katiba yenyewe. Mwaka 2013 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikubali hata kesi ya mauaji ifungwe baada ya familia mbili za Kisomali kumalizana kwa fidia ya ngamia na mbuzi. Wanasheria walibishana sana kuhusu huo uamuzi, na bado wanabishana.

Ubaya sasa. Nairobi si kijijini. Wazee wa ukoo wako wengi wako nyumbani, na mzee wa mtaa anaweza kuwa landilodi mwenyewe, ama rafiki wa kaka, wanakunywa chai kibanda kimoja kila asubuhi. Tena kikao cha wazee kinaweza kumsikiliza mwanamke kwa adabu zote halafu kikaamua kana kwamba hakuongea, "wewe umeolewa, una kwenu." Hapo usidanganywe. Sheria ya Urithi, sura ya 160, haimtofautishi mtoto wa kike na wa kiume mzazi akifa bila wosia, na korti zimerudia hilo mara nyingi kwa mabinti walioolewa. Wazee wakikupa chini ya hapo kwa sababu wewe ni mwanamke, hawajakupatanisha, wamekunyang'anya kwa upole.

Na chifu pia watu wanamwekea uzito asionao. Barua yake inaonyesha tu waliobaki ni akina nani, haigawi ploti wala hawezi kuamua ya nani. Lakini ndiyo hiyo hiyo barua inawasha moto, kwa hivyo kama bado haijaandikwa kwenu, nendeni ofisi ya chifu wote pamoja, ni asubuhi moja tu inapotea na itawaokolea miaka.

Ukitaka kujua wazee wanafanya kazi lini, angalia Wajir, kule kaskazini mashariki. Mwaka 1992 na 1993 koo zilikuwa zinauana kule, na mambo yalianza kugeuka sokoni kupitia wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, waliohakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kufukuzwa. Soko likishatulia ndipo wakawafuata wazee, na walioitisha kikao walikuwa wazee wa ukoo mdogo ambao haukuwa upande wowote kwa ile vita. Hawakuwa wazee wenye nguvu, na ndiyo maana kila upande ungeweza kukubali kuketi mbele yao. Kutoka hapo likapatikana Azimio la Al Fatah, 1993, na baadaye mtindo wa kamati za amani ukaenea wilaya zingine. Dekha mwenyewe alikuja kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Kwa hivyo ukichagua wazee, usimtafute anayeogopwa sana. Tafuta ambaye hatapata hata senti moja ya faida mkikubaliana hivi ama vile. Kwa familia yetu ya Dandora pengine ni yule mama mzee wa rumu ya mwisho aliyeingia kama mpangaji akakaa miaka thelathini, si mjomba.

Mediesheni

Hii wengi hawaijui vizuri, wanadhani ni pale unashauriwa msameheane. Hapana. Mpatanishi haamui chochote, hasemi nani amekosa, na ukikataa hakuna wa kukulazimisha. Kazi yake ni kuwafanya msikilizane kwa utaratibu.

Chumba chenyewe hakina kile kiti cha juu cha jaji. Mnakaa meza moja. Kila mtu anaongea bila kukatizwa, halafu mpatanishi mzuri anafanya kitu kinachokera sana mara ya kwanza, anamwambia kaka, hebu rudia alichosema dada yako kwa maneno yako. Kaka anaanza, "anasema mimi ni mwizi." Dada anaruka, sijasema hivyo. Haya, rudia tena. Mara ya tatu hivi kaka anasema, "anasema… anasema jina lake halikuandikwa." Na hapo ndipo mara nyingi sauti zinashuka, si kwa sababu wamepatana, bado, ila ni mara ya kwanza dada anasikia hilo jambo likitoka kwa mdomo wa kaka.

Halafu kuna vikao vya kando. Mpatanishi anakaa na kila upande peke yake, na unachomwambia huko hakibebi kwa mwenzako mpaka umkubalie. Hii ndiyo tofauti kubwa na wazee na pia na korti. Kaka hawezi kusema mambo ya shemeji mbele ya wazee, ni matusi. Kortini wala haitaandikwa. Lakini kwa kikao cha kando inatoka, na ikishatoka inaweza kupata dawa: jina la dada linaingia, ploti haiuzwi bila sahihi ya wote wawili, kodi inaenda akaunti moja yenye sahihi mbili, gharama za kwenye daftari zinahesabiwa mpaka leo halafu zinafungwa. Angalia hayo makubaliano vizuri, hakuna hata moja ambalo jaji angelibuni mwenyewe, juu hakuna aliyemwambia kuhusu shemeji.

Hapa Nairobi hii kitu ilianza rasmi ndani ya mahakama mwaka 2016, kule Milimani, kwa majaribio kwenye kitengo cha familia na kile cha biashara, kisha ikasambazwa. Kesi ikishafika kortini inaweza kuelekezwa huko, na ratiba yake ni siku 60. Mkikubaliana, makubaliano yanaandikwa, yanatiwa sahihi na korti inayafanya kuwa amri. Na hapa uwe makini: amri hiyo haikatiwi rufaa. Usitie sahihi kwa sababu umechoka ama unataka kuwahi matatu ya Kitengela. Mkishindwana mnarudi kwa jaji na mliyoongea mle ndani hayatumiwi kama ushahidi.

Inashindwa wapi? Inashindwa pale mmoja anataka kupoteza muda tu. Anakuja, anatabasamu, anasema "tutaangalia," huku nyuma anatafuta mnunuzi. Inashindwa pia pale mmoja anamwogopa mwenzake. Mke aliyepigwa hawezi "kuelewa mtazamo" wa aliyempiga akiwa ameketi naye meza moja, na mtu akikwambia ufanye hivyo anakuuza. Hapo ni polisi na korti kwanza. Na kesi za ubakaji na unajisi hazina wazee wala mediesheni, maslaha (kumalizana kwa wazee nje ya korti) ya aina hiyo yameumiza wasichana wengi nchi hii, hata sheria ya makosa ya kingono ya 2006 inasema mlalamishi ama familia hawana uwezo wa kuiondoa.

Tuna somo kubwa la mediesheni hapa hapa mjini, hoteli ya Serena, mwanzoni mwa 2008. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa baada ya uchaguzi, Kofi Annan akaja na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Kilichonivutia mimi ni vile ajenda ziligawanywa. Tatu za kwanza zilikuwa za moto unaowaka: kusimamisha vita, kusaidia waliohama, kutatua nani anaongoza. Ya nne ikawa ya mizizi, ardhi, umaskini, ukosefu wa kazi, katiba. Hawakuchanganya. Ukileta 1984 na kodi ya mwezi uliopita kwa kikao kimoja mtatoka na vichwa vinauma na hakuna kitu. Familia ya Dandora ianze na jambo moja dogo linalowaka, kama kodi ya mwezi huu iwekwe wapi, halafu ndiyo waingie mambo ya mama.

Na ajenda ya nne, kusema ukweli, ndiyo iliyovuta mguu zaidi. Katiba tulipata 2010. Lakini ile tume ya ukweli, haki na maridhiano ilichukua taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi, watu wakaeleza mambo ya tangu uhuru, ripoti ikakabidhiwa rais Mei 2013 na mpaka leo watu wanauliza ilifanyiwa nini. Nikitazama hiyo naona kusikilizwa bila kitu kufuata kunaweza kuzidisha uchungu. Mtu alikuwa amenyamaza, umemfungua kidonda, halafu umeondoka. Kwa hivyo hata kwa kikao kidogo cha familia, usimalize na "tumesikilizana, Mungu ni mwema." Malizeni na tarehe na jina la atakayefanya.

Korti

Nimesikia watu wakisema korti ni ya mwisho kabisa, ukishindwa na yote. Sikubaliani. Kuna siku korti inafaa kuwa ya kwanza, na ni wakati kitu kinaweza kupotea kesho. Kama kaka ameshapata mnunuzi hakuna haja ya kuelewana kwanza, wakili aombe amri ya kuzuia uuzaji, na kama ploti ina hati iliyosajiliwa weka kizuizi, ile watu huita kaushen, kwa ofisi ya ardhi. Ombi la urithi likitangazwa kwa Gazeti la Serikali kuna siku 30 za kuleta pingamizi. Na hata zikipita, umiliki uliopatikana kwa kuficha mrithi unaweza kufutwa. Hayo yote hayakuzuii kupatana baadaye. Unafunga mlango ili mwizi asiingie, ndani mnaendelea kuongea.

Korti pia ni nzuri pale mmoja ana nguvu kumzidi mwingine mbali sana. Kampuni dhidi ya mama mboga, tajiri dhidi ya wapangaji. Mpatanishi hawezi kusawazisha mfuko wa pesa, sheria angalau inajaribu.

Lakini kwa kile tunachokitafuta hapa, kuelewana, korti ndiyo dhaifu kabisa kati ya hizi tatu, na si kwa ubaya wa majaji. Ni vile imejengwa. Unaingia na afidaviti (kiapo cha maandishi) ambayo wakili amekuandikia kwa lugha ambayo hujawahi kuongea, "mlalamikiwa kwa ulaghai na nia mbaya," na nduguyo anaisoma hiyo usiku akiwa peke yake. Kabla ya ile afidaviti mlikuwa mnanuniana, baada yake hata watoto wenu hawasalimiani. Halafu ukisimama kizimbani unajibu ulichoulizwa. Mambo ya mama kuoshwa yataambiwa hayahusiani.

Angalia Kibera. Wanubi wanakwambia babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, Mwingereza akawaweka pale mwanzoni mwa karne iliyopita bila karatasi ya maana, uhuru ukaja na karatasi bado, mpaka 2017 ndipo jamii ikapewa hati ya ekari 288, kipande tu cha kile wanachosema kilikuwa chao. Mpangaji naye anakwambia yeye alikuja mjini kutafuta kazi, analipa kila mwezi rumu ya mabati isiyo na choo, kwa mtu ambaye hana hati, kwa ardhi ambayo kwenye karatasi ni ya serikali, kwa nini? Mwisho wa 2001 viongozi wa kitaifa walisimama wakasema kodi Kibera iko juu ishuke, na Desemba watu wakauana. (Landilodi wa Kibera si Wanubi pekee, mbali na hapo, lakini siku ya fujo hakuna anayeulizia hesabu.) Sasa peleka hiyo kortini. Swali litakuwa nani ana hati, na jibu, kwa ploti nyingi, ni hakuna. Umepata jibu la kisheria na hujagusa hofu hata moja: mmoja anaogopa kufutwa kwa historia, mwingine anaogopa kulipa maisha yake yote bila kuwahi kuwa na chake.

Pesa na muda, haraka haraka

Wazee: chai, nauli, pengine mbuzi. Inaweza kuisha Jumamosi moja ama isiishe kabisa juu hakuna wa kuifunga. Mediesheni ya mahakama: mpatanishi halipwi na nyinyi, ila wakili wako utamlipa ukienda naye. Ya kibinafsi mnagawana gharama na inaweza kuuma. Korti: ada, wakili, na kuahirishwa. Kama ni deni tu lisilozidi shilingi milioni moja, lisilo na historia ndefu, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza Milimani 2021, siku 60 na unaweza kwenda bila wakili, usisumbue wazee. Waislamu wote kwa familia wakikubali wana Kadhi kwa mambo ya ndoa na urithi, na hapo mnapata korti ambayo angalau inajua dini yenu.

Mi ningechagua hivi

Kama mtaendelea kuonana, kwa harusi, kwa mazishi, kwa choo kimoja cha ploti, anza na mediesheni, na uilete mapema kabla ya afidaviti kuandikwa ama uombe jaji awapeleke huko siku ya kwanza kesi inatajwa. Wazee nawaweka ndani yake badala ya kuwapinga nayo, yaani mwite yule mzee anayejua 1984 aje kueleza, asije kuamua. Mkiwa wote ni wanaume wa umri mmoja, mali ni ya huko nyumbani, na kuna mzee asiye na upande, basi wazee peke yao wanatosha na mtaokoa pesa. Korti ya kwanza ni pale kuna kuuzwa, kughushiwa, kupigwa ama kutishwa. Kwa mengine yote korti iwe ya kusukuma tu, kesi iko pale lakini mnaongea nje.

Wapo watakaokuja kukushauri sana katikati ya haya, binamu, jirani, mwenye WhatsApp ya familia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wape kazi ya jembe.

Siku ya kikao cha kwanza kaka abebe daftari, hata kama limeshika mafuta, na risiti alizo nazo. Dada abebe cheti cha kuzaliwa, kadi za kliniki za mama kama bado anazo, na nakala ya ile barua ya chifu. Na hapa nirudi kwa Annan kidogo. Wiki ya mwisho ya Februari 2008 alisimamisha mazungumzo ya timu mbili za wanasiasa, akaenda moja kwa moja kwa Kibaki na Raila, na tarehe 28 wakatia sahihi. Timu zilikuwa zinaongea vizuri tu, ila uamuzi haukuwa mikononi mwao. Kwa hivyo dada akisema "ngoja kwanza nimuulize mzee wangu," basi shemeji awekewe kiti mezani, na kaka amwambie yeye mwenyewe kile amekuwa akiwaambia watu wengine.